Mbao za Gati

...feni kwanza, zima feni, swichi imeshika barafu lakini imekubali, haya, imenyamaza, sasa komeo, sasa mlango, upana wa kidole tu na usizidi, hata moshi ukikuingia machoni usizidi, na usimame ubavuni mwa mlango wala si mbele yake, uuache moto uvute pumzi, maana moto uliofungiwa tangu jana una njaa ya hewa, ukiufungulia kwa pupa unakurukia, ulimrukia Elwood wa ng'ambo ya barabara akakaa bila nyusi mpaka Pasaka, ukamla ndevu upande mmoja, watu wakamcheka kanisani, hata mimi nilicheka, sicheki tena, kila asubuhi nikishika mpini huu naogopa, na leo zaidi, sijui kwa nini, au najua... Sylvi, mama mkwe wangu, ndiye aliyenifundisha boila hii ya kuni inayopasha nyumba joto, majira ya baridi ya kwanza nilipoolewa hapa kaskazini mwa Michigan, ambako nyumba ikilala bila moto mabomba hupasuka, akaniambia usihesabu, Verna, anayehesabu huharakisha, wewe taja watu wa nyumba yako, kuanzia mdogo kwenda mkubwa, mmoja mmoja, na usimwache mtu mpaka umeuona uso wake, ukimaliza moto utakuwa umeshapumua, fungua. Sylvi amekufa, boila ipo, na mimi bado nataja. Haya. Inka. Inka wangu, mwenye miaka sita, uso wake, uone uso wake halafu uende mbele, lakini uso wa Inka wa leo asubuhi ulikuwa umelala juu ya mto na kando yake kulikuwa na nywele, si mbili tatu za kawaida, nywele za kujaza kiganja, laini, rangi ya majani makavu, nikazikusanya haraka kabla hajaamka na kuzitia mfukoni mwa aproni, na aproni iko hapa chini ya koti, ziko hapa, nazisikia kana kwamba zina uzito, na nywele hazina uzito... "Baridi ya leo si ya mchezo," anasema Waino nyuma yangu, "nimetema mate yakafika chini yameshakuwa kokoto," na mimi nasema ndiyo, baba, bila kugeuka, maana Waino ni baba yake Arlen, mume wangu, na tangu Sylvi afe anatoka nami kila asubuhi kuzoa majivu ya boila hata kama hakuna majivu ya kuzoa, mzee anahitaji mtu wa kumsikiliza na mimi nina masikio mawili, moja lake, moja la moto.

Anza tena. Inka. Shule imefungwa leo kwa sababu ya baridi, redio ilitangaza wakati napika uji, nami nilishukuru, aibu kusema, nilishukuru kwa sababu leo yule muuguzi wa shule hatamwona, yule mwanamke mpole wa sweta la buluu aliyeniita juzi ofisini kwake akafunga mlango polepole, akaniuliza nani anamsuka mtoto, nikasema mimi, akauliza namfunga kwa nguvu, nikasema hapana, akauliza kama Inka huwa anajivuta nywele mwenyewe, watoto wengine hufanya hivyo, wakiwa na wasiwasi, wakiwa na jambo nyumbani... akaacha neno hilo nyumbani likae hapo mezani katikati yetu kama kikombe ambacho hakuna anayetaka kukinywa, je, kuna jambo nyumbani, Bi Verna, na mimi nikasema nyumbani kwangu kuna baridi, kuna kuni mbichi, kuna mume anayeendesha lori la magogo anayerudi Ijumaa na kulala na viatu, hakuna jambo lingine, akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Na daktari wa zahanati kabla yake alisema ni virusi, damu ya puani ni hewa kavu, kutapika ni virusi, mikono kufa ganzi ni kulalia mkono, subirini, na nilitaka kumwuliza jambo moja, nililibeba toka nyumbani hadi kwake na nikarudi nalo, kwa sababu binamu yangu Corinne alianza hivi hivi, damu za pua, kuchoka, rangi ya nta, na Corinne alikuwa na miaka tisa tu, na mama yake hakuwahi kulitamka lile neno hadi siku ya mazishi, saratani ya damu, haya, nimelitamka, ndani ya kichwa changu, mbele ya mlango wa boila, na hakuna kilichoanguka... wiki ijayo tunakwenda hospitali kubwa kupimwa damu na mimi naiogopa ile sindano, si kwa sababu ya sindano yenyewe, ni kwa sababu baada ya sindano kuna mtu atakayenipigia simu... "—na yule bwana wa Chicago ananiangalia," anasema Waino, "amevaa viatu vya kuogelea, mwanamume mzima, viatu vya mpira," anacheka, beleshi linakwaruza chini ya mlango wa majivu, nami nasema nani huyo, baba, kwa sababu usipouliza anaanza upya. "Yule mwenye nyumba ya kiangazi ziwani. Aliyebomoa gati." Ah, nasema. Gati.

Upana wa kidole. Moshi unatoka kama ulimi, hauendi juu, kwenye baridi kama hii isiyo na upepo moshi haupandi, unatoka kwenye dohani ukakaa, unatambaa chini juu ya theluji hadi kwenye madirisha ya nyumba, unapita banda la kuku, ni tupu sasa hilo banda, unakaa uani kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka, na boila yetu dohani lake ni fupi, kibanda cha bati peke yake katikati ya uwanja, kila mgeni hudhani ni choo, moto tumboni na maji kuuzunguka moto, maji yanakwenda nyumbani kwa bomba lililozikwa na kurudi yamepoa, na pampu inanguruma kule ndani chini ya ngazi mchana na usiku kama mtu wa tano wa nyumba. Mshale wa kipimajoto uko wapi, umeshuka, umeshuka sana, lazima niulishe moto huu sasa, kuni za nje zote mbichi, kiangazi chote kilinyesha na Arlen aliumia mgongo, tulichelewa kukata, ukizitia peke yake zinafuka, zinalia, zinatoa maji mwishoni kama kamasi, ndiyo maana tangu vuli tunachanganya, kuni mbichi mbili na ubao mmoja mkavu wa Waino, na ubao ninao hapa chini ya kwapa, mwepesi, mkavu kama mkate wa juzi, unashika moto kabla hujauachia, Mungu ambariki mzee kwa mbao hizi nilisema mwezi wa kwanza, nilisema hivyo kweli, mezani, na yeye akavimba kama jogoo. Haya. Inka. Nimevua glavu ya kulia kwa meno kwa sababu komeo halishikiki na glavu, mkono wangu uko wazi juu ya mpini, na kwenye kucha ya kidole gumba ule mstari, mstari mweupe umekatiza kucha kutoka upande hadi upande, kama ukingo wa maziwa uliobaki kwenye glasi, nimeuona siku nyingi, umepanda polepole na kucha, na kucha nyingine pia zinao, hafifu, mimi nilidhani nimejigonga na kuni, au nimekosa maziwa, Sylvi angesema kunywa maziwa, na Jumamosi nilipomwosha Inka nikaona naye anayo, kwenye vidole vyote kumi, imepangana vizuri kama mtu aliyechora kwa rula, nikamwambia tazama, umenirithi hata kucha, na yeye akafurahi, watoto hufurahia vitu gani... "—akaniambia nisizichome," anasema Waino.

"Nini, baba?"

"Yule wa Chicago. Aliniambia nisizichome mbao zake. Nimekwambia sasa hivi, wewe husikilizi."

Nasikiliza, nasema, na kweli sasa nasikiliza, sikio la moto nalo limegeukia kwake, na mkono wangu uko pale pale, mlango upana wa kidole, Waino anasimulia akizoa, beleshi, maneno, beleshi, kwamba alikwenda na trekta vuli ile yule bwana anabomoa gati la zamani ili ajenge la plastiki, plastiki kwenye ziwa, hebu fikiria, na akamwomba mbao, na yule bwana akampa zote, akafurahi kuzitoa, ila akasema mzee, hizi usichome, hizi zipeleke dampo, na dampo si lile la kawaida, lile la vitu vibaya, betri na rangi, "nami nikamwambia sawa sawa bwana, dampo, nikamkonyeza Elwood, tukapakia," anacheka hadi anakohoa, "mtu wa mjini anaogopa hata ubao. Mwenyewe hajawahi kushika shoka. Miaka ishirini na kitu mbao hizi zimekaa majini, Verna, majini, na hazina hata tundu moja la mdudu. Mdudu hazili. Konokono hawazigusi. Mbao za maana, unazitupaje?" Mdudu hazili... na mimi naangalia ubao chini ya kwapa langu, kwa juu ni kijivu, ziwa limeutia ukijivu kama mti wowote mzee, lakini pale Waino alipoukata kwa msumeno wa mashine, pale mwishoni, ndani yake, kuna kijani, kijani hafifu, kama shaba ya zamani, na hili nimeliona tangu vuli, niliona unga wa msumeno wa kijani juu ya theluji ya kwanza nikadhani ni ukungu wa ziwani umeingia kwenye mti, nilidhani hivyo na nikaendelea na kazi, kwa sababu nilikuwa na chakula jikoni, kwa sababu daima nina chakula jikoni.

Mdudu hazili. Nilifanya kazi kwenye duka la mbao mjini kabla sijaolewa, kaunta ya mwisho, karibu na mlango wa upepo, na mbao za kijani zilikuwa rafu ya nyuma, na kila ubao mwishoni ulikuwa na kikaratasi kimepigwa pini, nilivipiga mimi mwenyewe vilipodondoka, vaa glavu, usikate ndani ya nyumba, usitumie pale chakula kinapowekwa, na mstari wa mwisho kwa herufi nzito, usichome, na siku moja mteja akaniuliza kwa nini usichome, nami nikamwuliza bosi, bosi akasema kwa sababu ndani mna sumu ya aseniki, imesukumwa hadi kwenye moyo wa mti kwa mashine, mti hauozi maana hakuna kinachoweza kuula na kuishi, na ukiuchoma ile sumu haiungui, binti, moto hauwezi kuila, inakwenda na moshi kidogo na nyingine yote inabaki kwenye majivu... inabaki kwenye majivu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Kwenye majivu. Na Waino anazoa majivu, anayajaza kwenye ndoo kwa uangalifu asimwage, mazuri, laini, ya kijivu chepesi, na majivu hayatupwi hapa, hapa hatutupi kitu, majivu tunayamwaga kwenye njia ili watu wasiteleze, kutoka boila hadi mlango wa jikoni, kutoka jikoni hadi barabarani basi la shule linaposimama, tunaingia nayo ndani kwenye viatu, yako kwenye mkeka wa mlangoni, yako kwenye sakafu ya jikoni pale Inka anapolala kifudifudi akichora, na beseni moja niliwapelekea kuku mimi mwenyewe, mimi kwa mikono yangu, kuku hupenda kuoga majivu wakati udongo umeganda, huua utitiri, wanajigaragaza na kufumba macho kwa raha, na kuku walikufa, mmoja baada ya mwingine, wale wa kahawia kwanza, bila jeraha, bila damu, nimewakuta wamekaa tu na vichwa vimeinama, Waino akasema baridi, Arlen akasema baridi, baridi gani, wale kuku walivuka baridi ya mwaka jana wakitaga... na nani anayemwaga majivu njiani? Nani ana mkebe wake mwenyewe, mkebe wa kahawa ambao babu yake aliutoboa matundu kwa msumari na kuutia mpini wa waya, ili mjukuu awe na kazi yake, ili asijione mgeni kwenye nyumba ya watu wanaofanya kazi? Kila asubuhi kabla ya basi. Anatikisa mkebe kama anatia chumvi. Anaimba. Kule mwishoni anavua glavu kwa sababu matundu yanaziba na anatia kiganja ndani, anatupa kama anayelisha kuku, na vumbi linamrudia usoni, na mimi nilisimama dirishani na kikombe changu nikimtazama, nikasema moyoni, angalau huyu atakuwa mchapakazi.

Usipige kelele. Usikimbie. Mlango uko upana wa kidole na moshi unanipitia usoni, moshi huu huu, nageuza uso, nafunga mdomo, navuta kitambaa juu ya pua kana kwamba kitambaa ni kitu, na nafikiria nyumba, kila kitu ndani ya nyumba, maziwa ya Inka yako wapi sasa, mto wake, dubu wake, nywele zake ziko mfukoni mwangu zimeshapata joto la tumbo langu... na kama si hii? Kama ni damu, kama ni lile neno la Corinne, na mimi hapa nimeshika ubao nimejipatia sababu kama mtu anayezama anavyoshika unyasi? Lakini kuku hawapati saratani wote kwa wiki chache. Na kucha. Kucha zangu. Mimi siumwi damu. "Baba," nasema, na sauti inatoka ya kawaida, naistaajabia, sauti ya kuomba chumvi, "baba, hebu vua glavu." "Nini?" "Vua glavu, nione mkono wako." "Unataka kunivisha pete?" anasema Waino, "kwa baridi hii?" lakini anavua, anavuta kidole kimoja kimoja kama alivyofanya daima, na anasema akitazama barabara, "tena mkono wenyewe siku hizi hausikii kitu, nashika kikombe kinaanguka, uzee huu, Verna, uzee unaanzia vidoleni," na ananinyooshea mkono, mkono mkubwa wa mzee wa msituni, nyufa nyeusi, kovu la msumeno, na kucha nene za manjano, na juu ya kila kucha mstari mweupe, kutoka upande hadi upande, umepangana, kama wa mjukuu wake, kama wangu. Kucha hizi hazikurithiwa. Mimi si damu yake.

Sasa ninaogopa kwa namna nyingine, na hili nataka nilielewe kabla sijafanya lolote, kwa sababu wiki hizi zote hofu yangu ilikuwa haina pa kushika, ilikuwa kama moshi huu, iko kwenye nywele, iko kwenye shuka, naamka nayo naila, na sasa ina pa kushika, ina ukubwa wa ubao, naweza kuitazama mwisho wake uliokatwa na rangi yake ni ya kijani, na si ndogo, Mungu wangu si ndogo, sijui imeingia ndani yake kiasi gani, sijui nywele zinarudi, sijui vidole vinarudi, sijui kama kuna dawa au kuna kungoja tu, lakini najua cha kumwambia daktari, sitangoja wiki ijayo, naenda leo, nitaweka ubao kwenye mfuko wa nailoni na mkebe kwenye mfuko mwingine na nywele nitazitoa mfukoni nitaziweka mezani kwake nitasema pimeni hiki, pimeni sote, na yule muuguzi akiandika aandike... lakini moto. Mshale wa joto unashuka. Nikiuacha moto ufe, maji yataganda ndani ya bomba chini ya ardhi na hakuna atakayelichimbua mpaka mwezi wa tano, na mtoto mgonjwa atakaa wapi, kuni mbichi peke yake hazishiki, nimejaribu, gesi tulishaikata, kuni kavu hakuna... zipo. Zipo kuni kavu. Kwenye banda la sauna, la kuogea mvuke Jumamosi, mlango wenye kufuli, zimepangwa hadi darini, kuni safi za betula, mti wa gome jeupe, zimepasuliwa vizuri na kukaushwa miaka miwili, Waino huzipanga upande wa gome chini kama baba yake alivyozipanga, na hakuna anayezigusa, hata mwaka ule dhoruba ilipokata umeme hakuna aliyezigusa, kwa sababu kuni za sauna ni za sauna, huwezi kwenda kukaa uchi mbele ya jiwe la moto na mvuke kwenye mapafu yako ukiwa umechoma takataka, mwili hautasafika, hivyo ndivyo wanavyosema, hilo ndilo walilokuja nalo babu zao kutoka Ufini, kilicho safi ni cha Jumamosi, na boila ipewe kinachobaki, boila ni tumbo tu, boila haina heshima... na nyumba tunaishi siku saba. Tumekaa tukiutunza usafi kwa saa moja ya Jumamosi na tumeipa nyumba sumu wiki nzima, na hakuna aliyekosea, ndilo linalonitisha, kila mtu alifanya kama alivyofundishwa.

Nauweka ubao chini. Siutupi, nauweka, taratibu, kwenye theluji, mbali na mguu. "Huo ndio mkavu," anasema Waino. "Unauweka chini wa nini? Tia huo, moto unakufa."

"Fungua banda la sauna, baba."

"Leo Jumanne, Verna."

"Najua."

Ananitazama, kitu kinapita usoni mwake, hasira kidogo, ile ya mtu aliyeguswa kitu cha wazee wake, na anafungua mdomo kusema neno, na nyuma yake mlango wa jikoni unalia kwenye bawaba, ule mlio naujua hata nikilala, anatoka, kofia nyekundu imefunika kichwa chake hadi kwenye nyusi, sweta juu ya sweta, mkebe mkononi unagonga goti, na anakuja kwa babu yake kujaza, kama kila siku, ndoo iko wazi katikati yetu, ameshavua glavu moja. Uso wake. Nauona uso wake.

"Inka," nasema.

Anasimama.

"Weka mkebe chini. Hapo hapo. Rudi ndani unawe mikono kwa sabuni, na uso, halafu ukae juu ya kiti, miguu juu, unisubiri."

"Lakini babu atateleza," anasema Inka.

"Atateleza. Rudi ndani, mama."

Anaweka mkebe kwenye theluji, anaunyoosha usimame vizuri, maana ni wake, na anarudi, mlango unalia tena, na Waino anatazama mkebe, anatazama ndoo, halafu mkono wake mwenyewe ambao bado hauna glavu, anausogeza karibu na macho na kuugeuza kwenye mwanga, na mimi simwelezi, nitamweleza kwenye gari, sasa hivi sina maneno mawili ya kupoteza, na naona kwamba si lazima, mtu aliyemcheka yule bwana wa Chicago tangu vuli anayakumbuka maneno yake yote, neno kwa neno, anayapanga sasa moja juu ya jingine. Moshi unatoka. Mshale umeshuka tena. Mlango uko upana wa kidole na mkono wangu uko juu ya mpini. Inka. Mimi. Arlen, ambaye hajui kitu, yuko na magogo yake barabarani na kahawa baridi. Waino... Waino anaingiza mkono ndani ya koti, anatoa ufunguo, na anaondoka kwenda banda la sauna kwa njia ambayo leo haijamwagwa majivu, ametanua mikono pembeni kama mtoto anayejifunza, mguu mmoja, halafu mwingine, na mimi sifungui mlango wa boila bado, namwangalia mpaka afike.